Kadi ya Mama Pacha

Baba Pacha alikuwa fundi sofa, na mkono wake ulikuwa mzuri. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Sponji ziliegemea ukuta, misumari midogo ilijaa kopo, na mabaki ya vitambaa yalizagaa kila pembe. Katikati ya vitu hivyo ilikaa redio. Baba Pacha alifanya kazi huku akigombana nayo.

Mwaka huo kulikuwa na mengi ya kugombania. Nchi ilikuwa inajitoa kwenye Umoja wa nchi jirani. Wananchi walikuwa wamepiga kura. Nusu na ushei walisema "Tutoke", na waliobaki walisema "Tubaki". Kisha viongozi wakaenda kujadili masharti ya kutoka, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Leo wamekubaliana, kesho wamekanusha. Waziri mmoja anajiuzulu, mwingine anatoka nje ya kikao amenuna. Mwaka wa pili ulikuwa unakatika hivyohivyo.

"Wanatufanya watoto wadogo," Baba Pacha aliiambia redio, misumari mdomoni. "Kazi tumewapa moja tu."

Yeye mwenyewe alipiga kura ya Tutoke, na mtaa mzima ulijua, maana hakumficha mtu. Mkewe, Mama Pacha, hakupiga kura. Hakuwa na haki hiyo. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akaja kwa ndoa miaka kumi na moja iliyopita, akajifungua mapacha wa kike. Sasa alikuwa mkandaji unga kwenye kiwanda cha mikate. Siku zote za Umoja hakudaiwa karatasi yoyote. Baba Pacha hakuwahi kuwaza kwamba kura yake ingeingia mpaka nyumbani kwake.

Jioni moja Mama Pacha alirudi kazini na tangazo mkononi.

"Msimamizi amesema kila aliyezaliwa ng'ambo apeleke kadi ya ukaazi," alisema. "Kama hana kadi, apeleke risiti ya maombi. Mwisho ni tarehe thelathini. Asiye nayo haingii getini."

"Tarehe thelathini ya nani?" Baba Pacha aliuliza. "Hao hata hawajakubaliana. Wataisogeza tu. Si wameshaisogeza mara mbili ile ya kutoka?"

"Na wasipoisogeza?"

"Mimi siwapangii foleni watu wale. Nimeapa sitakanyaga ofisi ya serikali mpaka wajiuzulu wote."

Mama Pacha alikunja tangazo lake taratibu. "Umeapa wewe, baba. Kadi ni yangu mimi," alisema.

Sasa, upande wa pili wa ukuta aliishi fundi kufuli. Watu walimwita Kufuli, kwa kazi yake na kwa uchache wa maneno yake. Huyu alipiga kura ya Tubaki. Mkewe naye alizaliwa ng'ambo, tena mji mmoja na Mama Pacha. Wanawake hawa wawili wakikutana kwenye kamba ya nguo walizungumza kwa lugha ya kwao na kucheka. Baba Pacha alisikia vicheko tu, maneno hayakumwingia.

Tuseme ukweli. Baba Pacha alimwonea Kufuli wivu, na si wa jana. Alimwonea wivu kwa utulivu wake. Alimwonea wivu kwa wateja waliomfuata kwa magari. Zaidi ya yote, alimwonea wivu kila Mama Pacha aliposema, "Mume wa mwenzangu kafanya hivi, mume wa mwenzangu kafanya vile." Maneno hayo yalimkereketa kooni.

Asubuhi iliyofuata, mke wa Kufuli alianika mashuka, kisha akatoa kitu mfukoni. Ilikuwa kadi ya ukaazi, mpya kabisa. Mama Pacha aliishika kwa ncha za vidole. Baba Pacha aliwatazama kutoka dirishani. Safari hii walizungumza lugha anayoijua.

"Umeipataje haraka hivi, dada?" Mama Pacha aliuliza.

"Tuliwahi. Mume wangu alifunga duka, tukakaa foleni wote wawili tangu asubuhi."

 Mama Pacha aliitazama ile kadi, kisha akatazama dirisha la karakana. Baba Pacha akajirudisha nyuma upesi. Kilichomuuma si kadi. Kilichomuuma ni lile jicho la mkewe.

Akaenda kwa kinyozi, ingawa nywele zake zilikuwa fupi tayari. Pale kibandani wanaume walikuwa wakiwasema viongozi, kama kawaida. Mmoja alitaka wafungwe. Mwingine alitaka wafungiwe chumba kimoja wanyimwe maji mpaka wapatane. Watu wakacheka. Kisha mtu akauliza habari za zile kadi.

"Jirani yangu Kufuli kapata yake chapuchapu," Baba Pacha alisema. "Mnadhani kapataje? Pale ofisini bila kutoa kitu hupati."

Kinyozi alizima mashine. "Ulimwona akitoa?"

"Kwani mpaka nimwone? Yule hakuna mlango usiomfungukia."

Watu wakacheka tena, na Baba Pacha akacheka nao. Alirudi nyumbani moyo mwepesi, utafikiri amekunwa mahali palipokuwa panawasha.

Siku zikaenda. Viongozi waliendelea kuvutana, Baba Pacha akaendelea kugombana na redio. Tarehe ishirini na tatu Mama Pacha aliomba ruhusa kazini, akaenda ofisini peke yake. Alirudi na fomu.

"Karibu kila kitu ninacho," alisema. "Cheti cha ndoa, hati ya kuzaliwa, picha mbili. Kimebaki kimoja. Wanataka shahidi. Awe jirani asiye ndugu, aliyetufahamu kwa miaka mitano au zaidi."

"Mpangaji wa juu je?"

"Ana miaka miwili hapa. Mwenye duka la vyakula ana mwaka mmoja. Aliyetufahamu miaka yote hiyo ni Kufuli tu."

"Mtu yeyote, ila si huyo."

"Basi nitamwomba mwenyewe."

Wivu ulimpanda Baba Pacha mpaka masikioni. Alimwona mkewe akilini, amesimama mlangoni kwa Kufuli na fomu mkononi, na Kufuli anamjibu kwa ile sauti yake ya upole.

"Huendi," alisema. "Nitakwenda mimi ofisini. Watakubali shahidi mwingine."

"Si uliapa hutakanyaga?"

Baba Pacha alichukua fomu, akavaa viatu, akatoka.

Ofisi ya usajili ilikuwa na madirisha manne. Maombi ya ukaazi yalipokelewa dirisha namba tatu. Karani alikuwa mama wa makamo, kalamu imechomekwa kwenye kilemba. Baba Pacha alipofika mbele yake hakusalimia. Alianza na waziri mkuu, akaja kwa waziri wa mambo ya nje, akamalizia na wajumbe wote wa mazungumzo mmoja mmoja. Karani alimwacha amalize.

"Umemaliza, kaka?"

"Nimemaliza."

"Pole. Mimi pia wananichosha. Sasa sikiliza. Unayoyasikia redioni ni mazungumzo. Sheria ni ile iliyokwisha kupitishwa, nayo imebandikwa pale ubaoni. Mpaka ibadilishwe, hiyo ndiyo inayotumika. Wakiisogeza tarehe, mkeo hapotezi kitu kwa kuwahi. Wasipoisogeza, anapoteza kazi kwa kuchelewa. Unaona?"

Baba Pacha aliona, lakini hakutaka kukubali upesi. "Na shahidi? Siwezi kuleta mtu mwingine?"

"Jirani wa miaka mitano. Hilo siwezi kulibadilisha mimi wala wewe. Akishatia saini, mkeo alete fomu hapa. Atapewa risiti yenye muhuri siku hiyohiyo. Risiti inatosha kazini mpaka kadi itoke."

"Na hiyo risiti ni kiasi gani?"

"Fomu bure, risiti bure, kadi bure." Karani aliinamia dirisha, akashusha sauti. "Kuna mtu kaeneza kwamba tunauza. Wiki iliyopita foleni ilifika nje barabarani. Leo unaiona mwenyewe. Tarehe inakaribia, na watu hawaji. Sijui ni nani kawatisha."

Baba Pacha aligeuka. Nyuma yake walikuwa watu watatu. Akayakumbuka maneno yake kwa kinyozi.

"Na hasira yangu niipeleke wapi?" aliuliza, kwa sauti ndogo sasa.

"Kwa mwakilishi wenu bungeni. Kila Jumamosi asubuhi anapokea watu ukumbini. Usiende na matusi, atakupungia mkono tu akuache. Andikeni jambo moja mnalotaka, mtie saini wengi. Nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa. Hapo atabanwa ajibu."

Baba Pacha alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa Kufuli. Alimkuta dukani anapiga tupa ufunguo. Kabla hajafungua mdomo, Kufuli alisema:

"Nimeshasikia. Kinyozi aliniambia."

"Sikukuona ukitoa kitu."

"Najua hukuniona, maana sikutoa." Kufuli aliupuliza ufunguo, akautazama kwenye mwanga. "Ulinichukia kwa lipi? Kura?"

"Si kura. Nilikuonea wivu, ndugu yangu. Wewe ulikwenda kukaa foleni na mkeo. Mimi nilikaa na redio."

Kufuli aliuweka ufunguo mezani. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo fomu."

Alisoma kila mstari, akajaza, akatia saini. "Hii nimeiandika kwa ajili ya Mama Pacha," alisema. "Wewe nenda kwa kinyozi, ukaseme ukweli mbele ya watu walewale."

"Nitakwenda kesho."

Tarehe ishirini na tano Mama Pacha alipeleka fomu, mumewe yuko kando yake. Walirudi na risiti yenye muhuri. Mapacha waligombea kuishika. Siku hiyo redio haikuwashwa kabisa, na Mama Pacha alimwambia mumewe ahsante mara mbili.

Kwa kinyozi je? Hakwenda. Keshoye alikuwa na sofa ya kumalizia. Kesho yake tena mvua ilinyesha. Ukweli ni kwamba aliona haya. Aliwaza wale wanaume watakavyomcheka, naye hakupenda kuchekwa.

Tarehe thelathini viongozi walibishana kutwa nzima. Walipotoka, kila mmoja alimlaumu mwenzake. Tarehe haikusogezwa.

Asubuhi ya pili yake, Baba Pacha alimsindikiza mkewe mpaka kiwandani. Mlinzi aliitazama risiti, akasema, "Pita, mama." Baba Pacha alijisikia mwanamume kati ya wanaume. Lakini Mama Pacha hakupita. Alikuwa amemwona mwenzake kando ya ukuta. Alikuwa dada wa idara ya kufunga mikate, amevaa aproni, bakuli la chakula mkononi. Mlinzi alikuwa amemrudisha.

"Mwenzangu, kwa nini hukwenda kuomba?" Mama Pacha alimuuliza.

"Tulikuwa tunakusanya pesa kwanza," yule dada alijibu. "Mume wangu alisikia kwa kinyozi kwamba bila kutoa kitu hupati. Tulichokuwa nacho tukaona hakitoshi."

Mama Pacha hakujua lolote juu ya maneno yale ya kibandani. Alimgeukia mumewe ili wamhurumie wote yule dada, akauona uso wake, akajua.

Baba Pacha angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemtaja. Alitamani sana kunyamaza.

"Aliyesema ni mimi," alisema. "Ni uongo. Fomu ni bure."

"Wewe?" yule dada aliuliza. "Mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Nilikuwa na kijicho na jirani yangu."

Kengele ya zamu ililia. Mama Pacha alimtazama mumewe kwa lile jicho la siku ya mashuka. "Mpeleke," alisema, akaingia ndani.

Walifika dirisha namba tatu kabla ya saa tatu. Karani alieleza kwamba aliyechelewa bado anaweza kuomba, lakini lazima aandike sababu, na mkuu wa ofisi atajibu ndani ya siku saba. Risiti hutoka pamoja na jibu. Alitoa karatasi, akachomoa kalamu kwenye kilemba.

"Sababu ya kuchelewa?"

Yule dada alimgeukia Baba Pacha. Baba Pacha akainama dirishani.

"Andika kwamba alidanganywa," alisema. "Jina la aliyemdanganya niulize mimi."

Karani aliandika. Alipomaliza alimtazama Baba Pacha muda mrefu.

Mchana huohuo Baba Pacha alikwenda kwa kinyozi. Alisimama katikati ya kibanda, akasema yote, na wanaume hawakucheka. Wawili wao waliondoka palepale kwenda kuwaita wake zao wakaombe kadi. Jumamosi, Baba Pacha na Kufuli waliongozana mpaka ukumbini na barua ya mistari minne. Iliomba kila aliyechelewa apewe risiti na aruhusiwe kufanya kazi wakati anasubiri jibu. Ilikuwa na saini sitini na mbili, za Tutoke na za Tubaki. Nakala yao ilipigwa muhuri, na baada ya wiki mbili mwakilishi alijibu kwa maandishi kwamba ombi limekubaliwa.

Yule dada hakuingoja barua hiyo. Jibu lake kutoka ofisini lilikuwa limetoka mapema, na siku ya nane akarudi kazini. Baba Pacha alikuwa pale getini, amemsindikiza mkewe. Mlinzi alisoma risiti, akasema, "Pita, dada." Yule dada alipita mbele ya Baba Pacha bila kumsalimia, na Baba Pacha hakumlaumu.