Kitufe cha Saa Nne na Robo

Walikutana sokoni Kilindoni mbele ya kibanda cha jezi, kila mmoja ameshika upande wa fulana moja ya zambarau. Arafa alikuwa amevaa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya embe bivu, na fulana hakuiachia.

"Kaka, kifua hicho hakiingii humu," alimwambia.

Ukasha akacheka, akaiachia yeye. Ndipo wakajuana kuwa wote ni wa shirika moja la kununua mwani: Ukasha mtunza kumbukumbu ofisi kuu hapo Kilindoni, Arafa karani wa mizani tawi la kisiwani Chole na nahodha wa timu yao ya netiboli. Kabla jezi haijafungwa kwenye mfuko, wameshapeana namba.

Miezi mitatu simu hazikupoa. Ukasha alimwita "nahodha wangu", Arafa akamwita "bwana mfumo", kwa sababu Ukasha ndiye aliyepewa kazi ya kuandaa bonanza la netiboli la matawi manne, naye akaona daftari ni ushamba, akaingia mtandaoni. Aliipata tovuti ya kupanga mashindano. Unaingiza majina ya timu na tarehe, inapiga droo yenyewe, inapanga saa, na kila mtu anaiona ratiba kwenye simu yake. Ukasha alijiona amerefuka. Alimwahidi Arafa kwamba bonanza likiisha tu, atatuma wazee kwao.

Ratiba ikatoka. Chole na Baleni, Jumamosi, saa nne asubuhi.

Arafa akampigia siku hiyo hiyo. Jumamosi ni bamvua, alimweleza, maji yatatoka mbali na boti ya kuwavusha hadi Utende itakaa kwenye tope asubuhi nzima. Aisogeze mechi alasiri. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara mbili. Lakini mkurugenzi, Bwana Sabiti, alikuwa ameshaisifu ratiba ile mbele ya ofisi nzima, na Ukasha hakutaka ionekane ameigusa kwa ajili ya mwanamke. Akajibu kwa mzaha kwamba mfumo haujui kupwa wala kujaa.

"Mfumo haujui, mpenzi," Arafa alisema. "Wewe umezaliwa Mafia."

Jumamosi saa nne Baleni walikuwa wamejipanga uwanjani Kilindoni, Chole hawapo. Kanuni aliyoiandika Ukasha mwenyewe ilitoa dakika kumi na tano. Zilipokaribia kwisha, mtu nyuma yake akatania kwamba bwana harusi anamsubiri bibi harusi. Watu wakacheka. Bwana Sabiti naye akatabasamu, na masikio ya Ukasha yakawaka moto. Akainua macho. Mwisho wa barabara aliona vumbi, aliona pikapu, aliona jezi za zambarau nyuma ya pikapu.

Akabonyeza: hawakufika. Ushindi ukaenda Baleni.

Wanawake wa Chole walishuka na tope hadi magotini. Boti ilikuwa imekwama, wakaiacha na kutembea kwa miguu hadi ng'ambo. Mwanasiti, mlinzi wao wa goli na mkubwa wao kwa umri, alikuwa amefunga mguu kwa kipande cha kanga. Chaza walikuwa wamemchana. Arafa aliuliza jambo moja tu: nani kawatoa.

"Mfumo," Ukasha alisema. "Muda ukipita unatoa wenyewe."

Uongo ulitoka laini, bila kukwaruza. Arafa akawageukia wenzake akawaomba radhi, yeye, aliyewaambia njia nzima kwamba Ukasha atawasubiri. Kisha wakapanda tena pikapu. Siku nne Arafa hakupokea simu za Ukasha.

Siku ya tano Ukasha akavuka kwenda Chole. Aliwakuta kwenye ghala la tawi wamekaa mkekani, wanachambua mwani mkavu. Alikuja amejiandaa kutukanwa. Badala yake Mwanasiti aliitikia shikamoo yake, akamwita baba, akaamuru akatiwe dafu. Mguu wake ulikuwa umevimba, umenyooshwa juu ya gunia. Ukasha alilishika lile dafu na halikunyweka.

"Si mfumo," alisema. "Ni mimi niliyebonyeza."

Arafa hakuinua kichwa. "Ulikuwa hujatuona."

"Nililiona gari. Niliziona na jezi."

Mikono yote ikasimama juu ya mwani.

"Basi liandike hilo," Arafa alisema. "Kwenye kundi la bonanza, wasome wote waliotucheka. Hapa hapa, tunakutazama."

Ukasha akatoa simu, akaandika "samahani kwa usumbufu uliojitokeza", akaisoma, akaona ni lugha ya ofisini ya kujifichia, akafuta. Akaandika tena: niliwaona wanakuja, nikawatoa, kisha nikawadanganya. Akatuma. Haikupita dakika, simu ikaita. Bwana Sabiti.

"Weka sauti," Arafa alisema.

Ghala zima likasikia. Ukasha ameondolewa kwenye usimamizi wa bonanza. Chole na Baleni watacheza, na saa wataichagua Chole. Jumatatu afike na barua ya kujieleza. Ukasha alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, jasho likimtiririka mgongoni. Simu ilipokatika, akasimama, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Unakwenda wapi?" Arafa aliuliza.

"Sina uso wa kukaa hapa."

Arafa akasogea mkekani, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa na huo huo."

Akakaa, kichwa amekiinamisha, na Mwanasiti akamsukumia fungu la mwani achambue.