Mume Mwenza wa Mwokaji

Laptopu ile iligoma kila mara mume alipoketi karibu nayo. Mke akiwa peke yake ilifanya kazi; polepole, ikihema kama mzee anayepanda ngazi, lakini ilifanya. Mume akivuta kiti tu, kishale kinaganda katikati ya kioo na feni inaanza kuguna.

"Hainipendi hii," mume alisema.

"Acha hizo. Imezeeka tu."

"Uzee gani unaonipata mimi peke yangu?"

Wakacheka, wakaendelea kunywa chai. Walikuwa wameoana karibuni, na katika nyumba ya maharusi hata kikombe kikivunjika watu hucheka.

Mke alikuwa akichora ramani za nyumba, na mtaani walimwita hivyo, Mchoraji. Mume alikuwa na tanuri la mikate pale kona, naye wakamwita Mwokaji. Mwokaji aliondoka alfajiri kwenda kuwasha tanuri, akarudi mchana na unga kwenye nyusi. Mchoraji alibaki sebuleni, kwenye meza iliyo chini ya dirisha, na laptopu yake ya tangu chuoni. Ilichelewa sana kuwaka. Mtu angeweza kuchemsha chai, akainywa, akaosha na kikombe. Kwa hiyo alikuwa na mazoea ya siku nyingi. Akishabonyeza kitufe, aliweka kiganja juu ya kibodi na kuibembeleza kwa sauti ya chini: "Amka, kipenzi changu. Amka basi, nakusubiri."

Maneno matupu, ungesema. Nani hajawahi kuzungumza na baiskeli yake, au na jiko linalokataa kushika moto? Lakini yeye aliyasema kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, chumbani akiwa peke yake. Na kulikuwa na kilichokuwa kikisikiliza.

Mwokaji naye akaongeza la kwake. Akirudi kazini, kabla ya kuvua viatu, aliuliza kutoka mlangoni, "Mume mwenzangu ameshaamka?"

"Ndiyo kwanza anajinyoosha."

"Mwambie mwenye nyumba amerudi."

Feni ikaguna. Wakacheka tena.

Siku moja Mwokaji alirudi na zawadi. Ilikuwa diski mpya ya kuhifadhia kazi, ya aina isiyozunguka wala kupiga kelele, nyembamba kama biskuti. Alikuwa ameambiwa na wateja wake kwamba ukiiweka hiyo, laptopu nzee inakuwa kijana. Jioni hiyohiyo wakaenda kwa fundi.

Fundi waliyemwendea aliitwa Bisibisi, kwa kuwa hakuonekana bila bisibisi nyuma ya sikio. Kibanda chake kilijaa mashine zilizofunuliwa matumbo. Alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mweupe.

"Kuna njia mbili," akawaambia. "Naweza kuanza upya: diski inakuwa tupu, naweka mfumo mpya, halafu dada unarudisha kazi zako moja moja. Au nanakili. Nikinakili, kila kilichomo kinakuja kama kilivyo. Hata ambacho mwenyewe hujui kwamba unacho."

"Anza upya," Mwokaji akasema.

"Nakili," akasema Mchoraji.

Wakatazamana.

"Programu zangu za kuchorea zimo humo, na sina pa kuzipata tena," Mchoraji akasema. "Nimo mzima humo."

"Umo mzima humo," Mwokaji akarudia. Alitabasamu, lakini tabasamu halikufika machoni. "Sawa. Nakili."

Bisibisi akaunganisha diski mbili ubavu kwa ubavu, akaanza. "Muelewe jambo moja lakini," akasema. "Watu wanasema nahamisha. Mimi sihamishi. Hii ya zamani inabaki na vitu vyake vyote. Nitaitia kwenye kasha, dada utaitumia kama stoo. Na mimi mwenyewe hubakiza nakala nyingine hapa kwangu mpaka mteja atulie. Nimeshaliliwa na wateja hapa mpaka sakafu ikalowa."

Mchoraji akacheka, asiyatie maanani.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, ikasimama. Diski ya zamani ikaanza kulia tak, tak, tak, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Kibanda kikajaa harufu ya marashi, marashi mazito ya kiume, ya mtu aliyejiandaa kwenda kuposa.

"Nani kajipulizia?" Bisibisi akauliza, akinusa kwapa lake. "Si mimi, naapa."

Mwokaji alikuwa amegeuka kumtazama mkewe, kwa sababu harufu ilikuwa ikitoka upande wake.

Kisha kazi ikakamilika.

Asubuhi iliyofuata Mchoraji aliketi mezani, akanyoosha mkono kwenye kitufe. Hakukifikia. Kioo kiliwaka chenyewe, cheupe, papo hapo, na ile taa ndogo ya kamera juu yake ikafumbua jicho la kijani.

"Haraka hivyo?" akasema, akicheka kidogo. Maneno ya kubembeleza yalikuwa bado mdomoni, hayakuhitajika tena.

Kweli ilikuwa kijana. Iliruka. Ilifungua ramani kabla hajaiomba. Lakini alipotaka kuziona picha za harusi, kila mahali aliposimama Mwokaji palikuwa na mraba wa kijivu. Bibi harusi alikuwa ameshika mkono wa kijivu, amelishwa keki na kijivu, anachekea kijivu.

Mwokaji aliporudi mchana alisimama mlangoni bila kuuliza habari za mume mwenzake.

"Nani alikuwa hapa?"

"Hakuna."

"Hayo marashi ni ya nani?"

"Hata mimi yananishangaza. Yanatoka kwenye hiyo mashine."

"Mke wangu." Aliongea taratibu, kama anayebeba kitu kinachovuja. "Mimi nanuka hamira na moshi. Sijawahi kununua marashi. Na mashine hazijipaki."

Kuanzia hapo nyumba ikageuka. Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Mwokaji kutoka kwenye laptopu, kwa jina la mkewe: Leo usirudi mapema. Akarudi mapema zaidi. Mchoraji akaapa hakuandika. Siku nyingine ukaja mwingine: Ukija, bisha hodi. Mwokaji akabisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, na mkewe alipomfungulia akamkuta amesimama na mfuko wa mikate, macho mekundu.

"Nimebisha," akasema. "Si ndivyo ulivyotaka?"

Akachukua shuka, akaenda kulala kwenye chumba cha magunia ya unga, nyuma ya tanuri.

Kesho yake Mchoraji akabaki mezani pake. Na akiwa pale, amelaza kichwa, akasikia tak, tak, tak. Haikutoka kwenye laptopu. Ilitoka kwenye droo. Humo ndimo alimoiweka diski ya zamani, katika kasha lake, bila waya, bila umeme.

Kioo kikawaka. Maneno yakajiandika.

Mtoe huyo.

Alijikuta ananong'ona, "Nani?"

Wa kwenye droo. Amechoka. Mimi ndiye mwepesi. Mume umemtoa, sasa mtoe na huyo.

Droo ikagongwa kutoka ndani, kwa nguvu, mara nyingi, kama ngumi ya mtu aliyefungiwa, na kwenye kioo maneno mengine yakaanza kuyapanda yale ya kwanza, polepole sana, herufi moja baada ya nyingine, kwa kuhema: Mwongo. Mimi ndiye uliyeniita. Yeye hujambembeleza hata siku moja.

Mchoraji alitoka mbio bila viatu.

Alikimbilia kwa shangazi yake, ambaye watu walimwita kutoa mashetani tangu akiwa na meno yote. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele.

"Kwa hiyo alikuwepo mmoja," shangazi akasema, "nanyi mkamfanya wawili."

"Ndiyo, shangazi."

"Na kila mmoja anajiona ndiye."

"Ndiyo."

"Mumeo anajua?"

"Hataki kusikia. Anasema natunga."

Shangazi akapuliza makapi. "Basi sikiliza, mwanangu. Usimchague yeyote. Ukimchagua mmoja umepokea mahari yake. Wakutanishe, halafu waulize swali moja: yupi wa kwanza? Wivu wao utamaliza kazi. Mimi nitasoma dua zangu, ila ulimi uliowaita ni wako, sio wangu."

Walirudi jua likiwa bado juu. Shangazi akafungua madirisha yote, akaketi kwenye mkeka, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Mchoraji akatoa kasha kwenye droo. Lilikuwa la moto kama mkate uliotoka tanurini. Akalichomeka kwenye laptopu kwa waya.

"Yupi wa kwanza?" akauliza.

Harufu ya marashi ikapanda, nzito kiasi cha kulowesha koo, na feni ikaanza kuzunguka, kwanza kwa mguno ule wa zamani, halafu kwa mlio, halafu kwa kilio ambacho hakikuwa cha feni tena, na maneno yakamiminika kwenye kioo juu ya maneno, mimi, mimi, mimi, mpaka kikawa cheusi kwa wino usiokuwepo, na ramani zake zote zikafunguka pamoja na kuanza kujifuta, ukuta baada ya ukuta, chumba baada ya chumba, kana kwamba watu wawili wanakimbizana ndani ya nyumba zote alizowahi kuchora na kila mmoja anamfungia mwenzake mlango na kubomoa alipopita, na mapazia yakavutwa nje ya madirisha ingawa hapakuwa na upepo, na shangazi akapandisha sauti, na Mchoraji, mikono masikioni, akapiga kelele, "Mimi nina mume! Nina mume mmoja, na si yeyote kati yenu!"

Kitu kikapasuka. Moshi mwembamba ukatoka chini ya kibodi, na mwingine kwenye kasha. Kioo kikafa.

Sebule ilinuka plastiki iliyoungua. Marashi hayakuwepo.

"Kazi zako zimekwenda," shangazi akasema, akijifuta jasho.

"Ziende."

Jioni ile alimfuata Mwokaji kwenye chumba cha magunia, akamwekea mabaki ya laptopu mapajani. "Imeungua," akasema. "Sitaki nyingine. Njoo nyumbani unuse mwenyewe."

Mwokaji akaenda. Alisimama katikati ya sebule kwa muda mrefu, akavuta pumzi, akavuta tena.

"Sijui niamini nini," akasema mwishowe.

"Usiamini. Kaa tu."

Akakaa. Kesho yake alirudi na mkate wa moto, wakaumega kwa mikono, mezani, pale pale palipokuwa na laptopu. Alikuwa ameanza tena kutania. Alikuwa ameushika mkono wa mkewe, unga wa vidole vyake ukibaki kwenye vidole vya mkewe, simu ya Mchoraji ilipolia. Ilikuwa Bisibisi. Kwa kuwa hakuwa na la kuficha, na alitaka mumewe alione hilo, aliweka sauti ya nje.

"Dada! Nimesikia mashine imeungua, pole sana. Lakini usilie, nilikwambia mimi hubakiza nakala. Yako ipo hapa, nzima. Leo asubuhi nimeifungua kidogo kuhakikisha." Akasita. "Ila nina swali, dada, usinielewe vibaya. Mke wangu ameondoka tangu mchana, kanuna, anasema kibanda kinanuka marashi. Na hii kompyuta yangu, tangu niifungue..."

Mchoraji aliinuka kuikata simu, lakini alichelewa.

Nyuma ya Bisibisi, ndani ya kibanda, sauti ya mwanamke ilisema kwa upole, taratibu, kama mtu aliyesema hivyo kila asubuhi kwa miaka mingi: "Amka, kipenzi changu. Amka basi, nakusubiri."

Ilikuwa sauti ya Mchoraji, na maneno ambayo Mwokaji, aliyeondoka kila alfajiri, hakuwahi kuyasikia. Hapakuwa na mtu duniani ambaye angesema si yake.

Mwokaji alitazama simu, akamtazama mkewe, kisha, kidole kimoja kimoja, akaanza kuutoa mkono wake.