Mawe Yakihamishwa

Sofa ilikuwa imesogea. Haikusogea sana, ila ilitosha kumfanya fundi friji, aliyerudi jioni na mgongo uliokwishakata tamaa ya kuhurumiwa, ajitupe alipozoea na kutua sakafuni. Mkewe, muuguzi aliyetoka zamu muda huohuo, hakucheka. Hakuwa na nguvu za kucheka. Aliuliza tu nani kaisogeza, kila mtu akakana, wakairudisha, wakanywa chai.

Kesho yake lilihama kabati. Kisha meza ya kulia ikageukia ukuta. Ukumbini kukawa na harufu ya maji yaliyolala, na mchana kweupe, nyumba ikiwa kimya, ikasikika sauti ya jiwe likiburutwa juu ya kioo. Mimi ningehama siku hiyohiyo. Nimewahi kuikimbia nyumba ya wageni kwa sababu ya mjusi. Lakini waliochoka hawahami. Waliochoka husema tutaangalia kesho.

Sauti ile fundi aliijua. Sebuleni alikuwa na tangi la kioo la samaki wa ziwani, ndugu wa perege, ila hawa ni wa buluu na manjano, wazuri kama maharusi na wagomvi kama mawifi. Kila mmoja ana pango lake kwenye mawe, na ukimtia mgeni watamng'ata mapezi mpaka afe. Kwa hiyo mfugaji hufanya ujanja: kwanza huhamisha mawe yote. Wenyeji wakizinduka hawajui tena pango la nani liko wapi, wala nani alitangulia kufika. Hapo ndipo mgeni hupenyezwa, na hakuna anayemshtukia.

Fundi alisimama na kopo la chakula cha samaki mkononi, akayatazama mawe, kisha akaitazama sofa.

"Mama Watoto," alisema kwa sauti ya chini, "kuna mtu anatuhamishia mawe."

Mkewe akamjibu kwamba kama huyo mtu ana nguvu hizo, basi apige na deki. Lakini wakati wa kupakua chakula mkono wake ulisita hewani na mwiko.

"Tuko watano," alinong'ona. "Mbona viti vinne?"

Kitindamimba alikuwa amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, anakula kwa raha zake. Jana ndoo ile aliikalia wa kati. Juzi, mkubwa. Bafuni miswaki ilikuwa minne. Picha ukutani zilikuwa na watoto watatu, na wote watatu fundi aliwakumbuka, homa zao, meno yao ya kwanza, nani alimtapikia shati jipya.

Mganga waliyemwita hakuwa na vitisho. Alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi, katoka kumtoa jini mtaa mwingine, na kitu cha kwanza alichoomba ni mto wa kuegemea. Akawaeleza kwamba jini wa aina hii hatafuti damu, anatafuta pa kupaita kwao. Kumtoa ni kazi ndogo: mwenye nyumba amwekee mkono kichwani, yeye mganga asome.

"Ila ukigusa kichwa kisicho chake," alisema, "atakayetoka ni huyo uliyemgusa. Na harudi."

Fundi akawaza mpaka akawakumbuka samaki. Samaki wale wanaijua familia: akija wa nyumbani husongamana kwenye kioo kuomba, akija mgeni hujificha. Na mawe ya nyumba yalikuwa yamehamishwa, lakini ya tangi, licha ya sauti ile, hakuna aliyeyagusa. Akawaita watoto waje mmoja mmoja kusalimia samaki.

Mkubwa akaja, samaki wakamkimbilia. Wa kati akaja, wakamkimbilia vilevile. Kisha kitindamimba akasogea akiburuta kandambili, akaweka kiganja kwenye kioo, na samaki wote kwa pamoja wakageuka, wakajibana ndani ya mapango hadi tangi likaonekana tupu, harufu ya maji yaliyolala ikapanda sebule nzima, na mtoto akamgeukia fundi na macho yaliyojaa machozi na kusema, "Baba, wananiogopa," na fundi akakumbuka usiku wa mvua alipombeba mtoto huyu mgongoni mpaka hospitali, moto wa lile paji la uso shingoni mwake, akajua kwamba kumbukumbu hiyo huenda nayo ni jiwe lililowekwa na mkono wa mtu, na bado lilikuwa zito, na bado lilikuwa la kwake.

Mkewe alikuwa ameona. Akaanza kukusanya vikombe ambavyo havikuwa vimeisha chai.

"Umeona?" mganga aliuliza kutoka kwenye sofa.

"Sijaona kitu," fundi akasema. "Samaki wameshiba."

"Wameshiba," mkewe akaunga mkono.

Mganga aliwatazama, akakohoa, akachukua mkoba wake. "Kila nyumba husema hivyo," alisema, akatoka.

Wakanunua kiti cha tano, na mswaki. Samaki walimzoea mtoto upesi, wakawa wanamkimbilia kuliko hata wanavyomkimbilia fundi. Harufu ikaisha. Nyumba ikatulia kiasi cha watu kuanza kugombania rimoti kama zamani.

Mpaka jioni moja fundi aliporudi kazini, mgongo umekufa, akaitikia salamu za watoto bila kuwatazama, akajitupa kwenye sofa, na akatua sakafuni.