Siku Lebo za Maabara Zilipokatika

Jumanne, tarehe kumi na tatu Juni. Tangu alfajiri manyunyu ya mvua yalikuwa yakidondoka polepole, na wingu la kijivu lilikuwa limetanda kote, hata taa ya mezani ikabidi iwashwe wakati kumekucha.

Shule zilikuwa zimefungwa. Kidole alipoingia sebuleni alimkuta mama yake ameketi, kikombe cha chai mkononi, macho ameyafumba. Hakuwa amesinzia. Alikuwa akisali, kama alivyofanya kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kwanza aliwaombea wagonjwa, kisha akaziombea mashine zisigome, na mwisho akajiombea mwenyewe nguvu. Siku hizi ile sehemu ya mwisho ilikuwa inarefuka.

Mama alikuwa msimamizi wa kompyuta katika kituo cha afya. Kompyuta ya mhasibu ikizimika, aliitwa yeye. Printa ikimeza karatasi, aliitwa yeye. Hata saa ya ukutani ilipoanza kuchelewa aliitwa yeye, kwa kuwa ndani yake kuna betri. Jioni alirudi nyumbani akivuta miguu, na mara nyingi alilala kwenye kochi kabla ya kuvua viatu.

Kidole alikuwa na miaka kumi na mitatu. Jina hilo alipewa na mjomba wake tangu alipoanza kutambaa, kwa sababu hakukuwa na kitufe alichokiona akakiacha, kiwe cha redio, cha feni au cha simu ya mgeni.

Mjomba mwenyewe, mdogo wake mama, aliishi nao. Alikuwa anatengeneza programu za simu katika kampuni moja mjini. Asubuhi hiyo alitokea chumbani akila mkate huku amesimama.

"Dada," alisema, "ile programu yenu ya maabara bado iko hai?"

"Iko hai, na inafanya kazi," mama alijibu bila kufumbua macho.

"Inafanya kazi! Ile ni ya tangu enzi za Nuhu. Nadhani ilipanda safinani pamoja na wanyama."

Kidole aliangua kicheko. Mama akatabasamu kidogo. "Na ikashuka salama. Nyinyi je, mwezi huu mmehamia programu gani ya kazi?"

Mjomba alijikuna kichwa. "Tumebadilisha tena. Ile ya mwezi uliopita bosi amesema imepitwa na wakati."

"Ndiyo maana macho yako mekundu hivyo."

"Mekundu, lakini ya kisasa, dada!"

Njiani kwenda kituoni, akiwa na mama chini ya mwavuli mmoja, Kidole aliendelea kuyafikiria maneno ya mjomba. Alikuwa ameona mara nyingi jinsi kompyuta ya maabara ilivyoleta tangazo la toleo jipya la programu hiyo, na jinsi mama alivyolifukuza.

"Mama, kwa nini hutaki kuweka toleo jipya? Kila siku linakuomba."

"Nitakueleza, mwanangu," mama alisema akiruka dimbwi. "Leo nimechoka hata kabla sijafika."

Chumba cha mama kilikuwa chembamba, kati ya maabara na ngazi. Kilikuwa na meza mbili. Kwenye meza ya dirishani ilikaa kompyuta ya maabara, na pembeni yake printa ndogo isiyozidi ukubwa wa mkate. Karani wa maabara aliandika hapo jina la kila mgonjwa, na printa ikatoa lebo ya kubandikwa kwenye kichupa cha damu.

Mlangoni walimkuta fundi wa mashine. Watu walimwita Bwana Nyaya, kwa sababu mfuko wake wa shati haukukosa vipande vya nyaya vinavyochungulia nje.

"Shikamoo, Bwana Nyaya," Kidole alisalimia.

"Marahaba, Kidole. Leo mikono mfukoni, sawa?" Kisha akamgeukia mama. "Jana jioni niliisafisha ile printa yako. Ilikuwa imejaa vumbi kama gunia la unga. Sasa inapumua."

"Ubarikiwe, kaka," mama alisema. Kabla hajaketi, mhasibu alimwita kutoka ghorofani. Kompyuta yake ilikuwa imegoma. Mama alishusha pumzi, akamwambia Kidole, "Soma kitabu chako hapa. Ile ya dirishani ni ya maabara. Usiiguse."

"Sawa, mama."

Kidole alisoma ukurasa mmoja. Alipoinua kichwa, tangazo lilikuwa limejitokeza pembeni mwa skrini: toleo jipya liko tayari. Chini yake kulikuwa na vitufe viwili, kimoja cha kukubali na kingine cha kuahirisha. Alimkumbuka mama akipanda ngazi huku ameshika kiuno. Alikumbuka kicheko cha mjomba. Akajiambia kwamba hiyo ni kazi ndogo tu, na kwamba akimfanyia mama, mama atapunguziwa mzigo mmoja. Ukweli ni kwamba pia alitaka kuona kitakachotokea.

Akakubali.

Mstari wa kijani ulitambaa kwenye skrini, kompyuta ikazimika, ikawaka tena. Kidole alisogea akitarajia rangi mpya na picha za kupendeza. Programu ilirudi na sura ile ile. Rangi ile ile ya majivu, vitufe vile vile.

"Hiki tu?" alinong'ona. Alirudi kwenye kitabu chake amevunjika moyo. Mama aliporudi, Kidole hakumwambia kitu. Aliona kwamba hakuna kilichobadilika, kwa hiyo hakuna cha kusema.

Maabara ilifunguliwa. Wagonjwa walijaa kwenye benchi la ukumbini, wengi wao wakiwa na njaa, maana vipimo vya asubuhi vilitaka mtu asile kitu. Karani aliandika majina, printa ikalia, lebo zikatoka. Bibi mmoja mwenye fimbo alitoka chumba cha sindano akibonyeza pamba mkononi, akaketi tena kungoja majibu.

Mara mlango wa maabara ulifunguka kwa nguvu. Mkuu wa maabara, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alisimama akiwa ameshika vichupa viwili.

"Mama Kidole, njoo uniambie. Kipi ni cha nani?"

Mama alivichukua, akavigeuza kwenye mwanga. Kila mgonjwa alipewa namba ndefu. Mwanzo wa namba ulionyesha tarehe, nao ulikuwa sawa kwa watu wote wa siku hiyo. Sehemu ya mwisho ndiyo ilikuwa ya mgonjwa mwenyewe. Kwenye lebo hizo, sehemu ya mwisho haikuwepo. Ilikuwa imekatwa ukingoni pamoja na nusu ya jina. Vichupa vilifanana kama mapacha.

"Simamisheni," mkuu wa maabara alimwambia karani. "Hakuna kutoa damu mpaka nijue kuna nini. Nikimpa mtu majibu ya mwenzake, naweza kumuua."

Mama alipiga magoti chini ya meza akakagua kebo. Akabadilisha karatasi. Akazima printa, akaiwasha. Lebo zilitoka zimekatwa vile vile. Jasho lilimtoka ingawa kulikuwa na baridi. Bwana Nyaya aliitwa, akaifungua printa, skrubu akazipanga kwenye kiganja.

"Jana nilitoa hiki kigurudumu kinachovuta karatasi," alisema polepole. "Nilikirudisha. Nadhani nilikirudisha sawasawa."

"Unadhani?" aliuliza mkuu wa maabara.

Bwana Nyaya alikiangalia kigurudumu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejitafutia kosa na kuanza kuliona hata mahali ambapo halipo. "Labda nilikibana vibaya. Mikono yangu siku hizi... labda ni mimi."

"Mwezi uliopita uliharibu friji ya dawa. Nilikutetea kwa daktari mkuu, nikamwambia tukupe nafasi ya mwisho. Leo sina la kukutetea. Kusanya vifaa vyako, twende ukamweleze mwenyewe."

Bwana Nyaya aliinama. Alianza kuziweka bisibisi zake kwenye begi moja baada ya nyingine, akizifuta kwa kitambaa kana kwamba anaziaga.

Kidole alikuwa amefunga kitabu chake. Tangu alipoona lebo zilizokatwa, alikuwa amejua. Alijaribu kujidanganya kwamba skrini haikubadilika, kwa hiyo si yeye. Aliwaza pia kwamba hakuna aliyemwona, na kwamba Bwana Nyaya mwenyewe ameshakubali. Angenyamaza tu, asubuhi hiyo ingepita. Lakini mtu mzima aliyemsalimia mlangoni alikuwa anaondoka kazini kwa kosa la mtoto.

"Ee Mungu, nisaidie nifungue mdomo," aliomba kimoyomoyo. Kisha akasimama.

"Siyo yeye," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Siyo Bwana Nyaya. Ni mimi."

Wote waligeuka. Mama alimsogelea, vumbi bado kwenye magoti.

"Umegusa nini?"

"Toleo jipya, mama. Ulipokuwa juu. Nilikubali liwekwe."

Mama alifumba macho kidogo. Kidole alingoja kelele, lakini mama hakuwa na nguvu ya kelele. Alivuta kiti akaketi mbele ya kompyuta.

"Laiti ningejua mapema, nisingemchosha mwenzangu na skrubu," alisema. "Toleo hili linapima karatasi kwa namna nyingine. Linadhani lebo zetu ni pana kuliko zilivyo."

Mama alikuwa na desturi ya kuhifadhi nakala ya programu jinsi ilivyokuwa ikifanya kazi. Aliirudisha nakala hiyo, huku Bwana Nyaya akirudishia skrubu za printa. Lebo ya kwanza ilipotoka, mkuu wa maabara aliisoma kwa sauti, namba kwa namba, mpaka ya mwisho. Ilikuwa kamili. Karani akasema, "Mungu ni mwema."

"Damu iliyokwisha kutolewa hatuwezi kuitumia," mkuu wa maabara alisema. Alimtazama Kidole. "Wale kwenye benchi watachomwa tena. Nenda ukawaeleze sababu. Wewe, kwa mdomo wako."

Kidole alitoka ukumbini, na wakubwa wakamfuata. Benchi zima lilimkodolea macho. Aliwaeleza alichofanya bila kukipamba, akaomba msamaha. Kijana mmoja alisonya. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alitikisa kichwa.

Bibi mwenye fimbo aliuinua mkono wenye pamba. "Ala! Na mimi mwenzenu nilibakiwa na damu ya kuchomwa mara moja tu!"

Watu wakacheka, hata yule aliyesonya, na Kidole akapata pumzi. Machozi yalimtoka hapo hapo.

Mama aliketi kwenye ukingo wa benchi kama mtu aliyekuwa akingoja zamu yake, akamvuta Kidole karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Unadhani mimi naipenda ile programu? Ina sura mbaya, na ni nzito kama jiwe la kusagia. Toleo jipya nitaliweka. Lakini kwanza nitalijaribu kwenye kompyuta nyingine, siku ambayo hakuna mtu aliyeketi hapa na njaa. Mjomba wako akikosea, watu wanafungua simu upya. Nikikosea mimi, bibi huyu anapewa dawa ya mtu mwingine. Kwa hiyo siulizi kama programu ni mpya au ya zamani. Nauliza kama jibu litakalorudi kwa bibi ni la bibi mwenyewe."

Alifuta vumbi magotini.

"Asubuhi uliniuliza, nami sikukujibu kwa sababu ya uchovu. Hapo nilikosea, nisamehe. Lakini nilikuambia usiguse, na ukagusa. Kompyuta nimeweza kuirudisha kama ilivyokuwa jana. Kama Bwana Nyaya angekuwa ameshatoka getini akiamini mikono yake imeharibika, ningemrudishaje? Kuficha kosa ndiko kulikokuwa kubaya kuliko kosa lenyewe. Nashukuru Mungu umesema."

Mkuu wa maabara alikohoa. "Bwana Nyaya, na mimi nimekuhukumu kabla ya kujua. Nisamehe. Rudisha begi lako mahali pake."

"Yameisha," alisema Bwana Nyaya. Alijaribu kucheka, akageuka kuangalia dirisha lenye matone.

Karani alianza kuita majina upya. Bibi mwenye fimbo aliitwa wa kwanza, lakini hakunyanyuka.

"Mimi siendi," alisema. "Huyu mtoto kwanza atoe ahadi kwa sauti, sote tusikie. Sisi ndio tuliochomwa."

"Kweli kabisa!" benchi likaitikia.

Kidole alifuta macho kwa kiganja, akasimama wima katikati ya ukumbi.

"Naahidi mbele ya mama yangu, na mbele ya Bwana Nyaya, na mbele yenu nyote mtakaochomwa mara ya pili kwa sababu yangu. Sitagusa mashine ya kazi ya mtu bila kumwomba ruhusa. Na nikikosea tena, Mungu anisaidie, nitasema mwenyewe, hapo hapo, kabla hajalaumiwa mtu mwingine."