Kofia za Miti ya Sukari

Kila mwezi wa Machi, huko Beauce, Quebec, nchini Kanada, Réjean hutoboa miti yake ya sukari na kuning'iniza ndoo. Usiku wa barafu ukifuatwa na mchana wa jua, utomvu hudondoka, mwepesi kama maji, naye huuchemsha mpaka uwe shira. Mwaka ule, kila baada ya chakula cha mchana, alimvuta mwanawe Ludovic kwenye sleji, kigari kisicho na magurudumu cha kuteleza juu ya theluji, wakaenda kukagua ndoo. Ludovic alikuwa na miaka mitatu, na kusema kweli, Réjean alifuata maneno ya yule mtoto zaidi ya utomvu.

"Baba, mti una mafua!" Ludovic alipiga kelele siku ya kwanza. "Kamasi zinatoka!"

"Masikini! Tuupe dawa gani?"

"Tuuvalishe kofia."

Tangu hapo kifuniko cha ndoo kikaitwa kofia. Ludovic hakukubali kuondoka kwenye mti wowote kabla kofia haijarudishwa. Theluji ilipoanza kuyeyuka, alisema imechoka, ndiyo maana inakaa chini. Réjean alicheka mpaka akashika mbavu, na wakati wa chakula cha jioni akayarudia yote kwa mkewe na binti yake Noémie, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja.

Jumamosi moja Réjean alibanwa na kazi ya kuchemsha, akamwita Noémie.

"Mwanangu, kamimine ndoo zote kwenye pipa. Mvua inakuja, kwa hiyo usisahau vifuniko. Nenda na Ludo."

Noémie alikuwa ameshafunua ndoo zote na kuanza kumimina aliposikia wenzake wakimwita barabarani. Walikuwa wanakwenda kuteleza kwenye barafu ya mwisho ya mwaka. Alimkamata mdogo wake mkono.

"Dada, kofia!" Ludovic alilalamika.

"Tutarudi, bwana! Twende."

Hawakurudi. Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi Réjean akakuta ndoo zimejaa maji machafu, vifuniko vimetupwa kwenye matope. Utomvu wa siku nzuri kuliko zote uliharibika.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza alipoingia jikoni, uso umemwiva.

"Ni Ludo, baba," Noémie alijibu haraka. "Nilipogeuka tu, akavivua."

Réjean alichuchumaa mbele ya mwanawe. "Ludo, ni wewe?"

Mtoto alimtazama dada yake.

"Dada amesema mimi," alijibu. "Basi ni mimi."

"Haya. Leo hutoki na mimi. Utabaki ndani."

Ludovic akavua kofia yake nyekundu ya sufi, akamkabidhi baba yake. "Mpelekee mti. Umelowa."

Réjean alikwenda peke yake. Alipofika kwenye mti wa kwanza akanyoosha mkono kushika ndoo, na hapo akasimama. Ndoo ilikuwa usawa wa kifua chake! Alipozitundika, theluji ilikuwa nyingi, hata mtoto aliweza kuchungulia. Sasa theluji imeshuka, na kila siku ni yeye mwenyewe anayembeba Ludovic ili aone ndani. Angefikaje?

Alirudi nyumbani na ile kofia mkononi. Hakugomba. Kwa Noémie, afadhali angegomba.

"Noémie, mdogo wako hafiki kwenye ndoo hata akisimama kwa vidole. Nilikuamini, ukanifanya nimwadhibu mtoto asiye na kosa."

Noémie aliangua kilio. "Ni mimi, baba. Nilikwenda kuteleza. Yeye ndiye aliyenikumbusha."

"Mimi nimeumia, lakini nitapona," alisema Réjean. "Utomvu utatoka tena kesho. Ila huyu alijua hakufanya, akakubali kwa sababu wewe umesema. Mtu anayekuamini kiasi hicho ukimsingizia, umemwibia imani yake, na utamrudishia wewe mwenyewe."

Kisha akapiga magoti, akamvalisha Ludovic kofia yake. "Nisamehe, mwanangu. Nilikosea."

Siku hiyo Noémie aliosha kila ndoo kwa maji ya baridi, vidole vikafa ganzi, wala hakuomba msaada. Vifuniko vyote alivirudisha. Kesho yake, baba alipotoa sleji, Noémie aliomba kamba aivute yeye.

Njia nzima Ludovic hakusema lolote kuhusu mafua wala theluji iliyochoka. Walipofika kwenye mti wa kwanza, akainua uso.

"Dada, leo mimi nimefanya nini?"

Noémie alimtazama baba yake, lakini baba akamwachia ajibu mwenyewe. Noémie akapiga magoti kwenye theluji.

"Hujafanya kitu, Ludo. Na juzi pia hukufanya. Ni mimi."

Ludovic akamnyooshea mikono ili ambebe, aone kama mti umevaa kofia.