Chochote Kitambaacho

Jioni ile nilitoka kwangu na kigae mkononi kwenda kuomba moto. Kiberiti kilikuwa kimeadimika mwaka ule wa themanini na moja, kama kilivyoadimika kila kitu baada ya vita, na katika safu yetu ya kota za wanajeshi moto haukuzimika kwa Kokugonza peke yake. Renatha wangu nilimbeba mgongoni. Giza lilikuwa linaingia, na ukungu ulipanda kutoka kwenye mafunjo ya mto Kagera mpaka kwenye uzio wa kambi.

Lakini moto ulikuwa kisingizio tu. Nilikwenda kumwonya.

"Hodi, dada."

"Karibu, Mama Renatha. Ingia polepole, amelala."

Niliingia polepole. Kokugonza alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunga kitenge mgongoni kama mimi nilivyojifunga. Chini ya kitenge chake ulining'inia mkia.

Mumewe, Sajini Byabato, hakurudi kutoka vitani. Mimba aliyomwachia iliharibika mwezi ule ule habari zilipofika. Siku moja akaenda mtoni kufua, akarudi na kenge mchanga ndani ya beseni, akatuambia kwamba huyu ndiye aliyebaki. Wakubwa walimwonea huruma wakamwachia chumba cha mwisho cha safu. Sisi wake wa askari tulimcheka pembeni, kisha tukazoea. Kenge alikua. Alikula mayai, alinuka tope na samaki, na mama yake alimbembeleza kwa Kinyambo kila jioni.

"Dada, amri imetoka," nilinong'ona. "Imesomwa gwarideni leo. Ni yule nyoka aliyeingia jikoni kwa mke wa Kapteni, ndiye aliyetuletea haya yote. Huyu mrudishe mtoni usiku huu huu."

"Amri inasemaje?"

Nilikuwa nimeikariri, maana mume wangu aliirudia mezani mpaka ndizi zikapoa. Ni marufuku kufuga, kuweka au kuficha nyoka, kenge, kobe au kiumbe kingine chochote kitambaacho ndani ya nyumba za familia. Kikionekana, kiuawe papo hapo. Amri hii itadumu mpaka itakapotenguliwa.

Kokugonza aliupapasa ule mkia taratibu.

"Na nani amepewa kazi hiyo?"

Niliinamia kigae changu. Akanielewa, akanitilia kaa la moto kwenye kigae, na sikuona hasira yoyote usoni mwake.

Aliyepewa kazi hiyo alikuwa mume wangu, Koplo Rwezaura. Mume wangu alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo leo, na nitasema hivyo hata mbele ya Mungu. Alikuwa na utani mwingi. Nyumba yetu aliiendesha kijeshi ili kunichekesha tu: "Mama Renatha, hapa wewe ni namba mbili. Mimi nikianguka, anayefuata ndiye hushika amri." Nami nilimpigia saluti kwa mwiko, tukacheka mpaka mtoto akaamka. Ila amri ilikuwa amri kwake. Ukimwambia aruke, hakuuliza shimo lina kina gani.

Asubuhi walianza na kobe wa watoto wa mpishi. Walimpasua kwa shoka, watoto wakilia. Kisha wakaja safu yetu.

"Shemeji, mtoe," mume wangu alimwambia Kokugonza mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Mtoe mwenyewe, mimi nimpeleke nyuma ya uzio, usione."

"Huyu hafugwi. Huyu ni wangu."

"Shemeji, kenge hasikii mpaka atoke damu masikioni. Usiwe hivyo nawe."

Askari wenzake walicheka. Nadhani ni kicheko kile kilichoharibu mambo. Kokugonza alirudi nyuma, kitenge kikalegea, kenge akaanguka kwenye sementi. Akatambaa kuelekea miguuni kwa mama yake.

Mume wangu aliinua rungu.

Pigo la kwanza lilivunja mgongo. Mnyama yule hakufa. Alijikokota, miguu ya nyuma imelala, akapanda unyayo wa Kokugonza na kutulia pale. Mume wangu akapiga tena. Na tena. Rungu lilipata kichwa, likapata na vidole vya mguu vya yule mama, lakini hakulia hata kidogo. Damu ilitoka masikioni mwa kenge, nyembamba, ikafuata ufa wa sementi mpaka nje.



"Amri inasema chochote?" Kokugonza aliuliza.

"Chochote, shemeji," mume wangu alijibu, akihema.

"Kitambaacho?"

"Ndiyo."

"Haya. Amri ni ya wote."

Akapiga magoti. Akachovya pindo la kitenge kwenye damu ile, akaanza kuzipaka buti za mume wangu, kushoto na kulia, kama mtu anayezipiga rangi. Alizipaka mpaka zikang'aa. Akafungua kamba zake na kuzifunga upya kwa fundo ambalo sikuwahi kuliona, lenye vitanzi vitatu.

"Umetii vizuri," alimwambia. "Endelea kutii."

Mume wangu alicheka kidogo ili wenzake wasione kwamba ameogopa. Jioni hiyo fundo lilikataa kufunguka, akalala na buti.

Wa kwanza kufa alikuwa Pastory, dereva. Wote tulimjua Pastory. Kila mwisho wa juma alikunywa lubisi kwenye vilabu vya pombe ya ndizi huko kijijini, na kurudi kwake alirudi kwa magoti na viganja, akiimba nyimbo za kanisani. Tulimkuta asubuhi mbele ya safu yetu. Mgongo ulikuwa umevunjika vipande, kichwa kimebonyea. Damu imetoka masikioni.

Wengine walisema amegongwa na gari, wengine chui. Mimi nilirudi ndani kupiga rangi buti za mume wangu, maana siku hiyo zilikuwa zimefunguka zenyewe. Zilikuwa na tope bichi, na mlango wetu niliukuta wazi alfajiri. Nilijua alitoka usiku kwenda chooni, nikazifuta.

Kisha akaja Celestin.

Celestin alikuwa mtoto wa jirani yetu Immaculata, mwezi mmoja mkubwa kwa Renatha. Adhuhuri moja mama yake alituita wote tumwone. Alikuwa amepiga magoti barazani, akaenda mbele hatua mbili, akaangukia pua, akacheka. Tulimpigia vigelegele. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Yeye hakupiga makofi.

Usiku nilisikia buti kwenye sementi ya baraza. Ko... ko... ko... Nikajua ni doria. Nikageuka nikalala.

Sitasema walivyomkuta Celestin. Immaculata alitoka na blanketi mikononi, akawa anatembea kutoka mlango hadi mlango akituonyesha, "Tazameni, tazameni," mpaka wanaume wakamnyang'anya. Masikio madogo yale yalikuwa yamejaa damu. Nililia mpaka maziwa yakanikauka.

Kambi nzima iliwekewa ulinzi. Mume wangu alijitolea kulinda safu yetu. Nilimpenda zaidi kwa ajili hiyo.

Siku chache baadaye, jua likizama, nilikuwa bombani nakinga maji. Renatha alikuwa mgongoni. Kokugonza alikuja akichechemea, ndoo tupu mkononi, kitenge chake kimefungwa mgongoni na ndani hamna kitu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ameanza?"

"Kuanza nini?"

Alimtazama Renatha kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa na huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitia baridi.

"Kutambaa."

Maji yalijaa, yakamwagika, yakanilowesha miguu. Pastory alirudi akitambaa. Celestin alitambaa mchana, usiku akafa. Na yale matope... na mlango wetu uliokuwa wazi asubuhi ile...

Maawe!

Niliacha ndoo. Nilikimbia.

Nyumbani koroboi ilikuwa inawaka. Mume wangu alikuwa amelala kitandani chali, buti miguuni, akijipumzisha kabla ya zamu yake. Sufuria ya ndizi ilikuwa inachemka jikoni kwa nyuma. Niliwaza kukusanya nguo tu, nitoke, nifike kwa mama yangu, kijijini Chonyonyo, hata kwa miguu. Nilimweka Renatha juu ya kirago, nikamwegemeza kwenye mto ili akae. Nikainama kuvuta sanduku chini ya kitanda.

Nilipoinua kichwa, mto ulikuwa peke yake.

Renatha alikuwa katikati ya chumba. Viganja chini. Magoti chini. Alinitazama, akatabasamu kwa lile jino lake moja, akasogeza goti mbele.

Kitanda kililia.

Harufu ya tope na samaki ikajaa chumba kizima. Mume wangu aliketi. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuniona. Alisimama, akanyoosha mkono nyuma ya mlango na kuchukua rungu, akasema kwa sauti ya gwarideni:

"Kimeonekana."

"Baba Renatha! Ni mtoto! Ni mtoto wako!"

Ko... ko...

Nilisimama mbele yake. Rungu lilishuka kwenye mkono wangu nikasikia mfupa ukikatika. Alinisukuma ukutani kwa bega kama anavyosukuma mlango. Renatha alidhani ni mchezo. Akasogeza goti la pili, akicheka, moja kwa moja kuelekea buti za baba yake.

Mkono mmoja ulikuwa mzima. Nilichupa jikoni, nikaishika sufuria kwa sikio lake, ngozi ya kiganja ikabaki palepale, nikairusha. Maji ya moto na ndizi vilimpata magotini. Hakupiga hata ukelele. Akapiga hatua, akakanyaga ndizi, akateleza.

Alianguka kifudifudi. Nikamnyakua mtoto.

Mume wangu aliinuka nusu. Viganja chini. Magoti chini. Alitaka kusimama, miguu iliyoungua ikakataa, akasogea mbele kwa goti moja kulifuata rungu.

Hapo akaganda.

Alitazama mikono yake sakafuni. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaniangalia, na safari hii aliniona. Alikuwa Rwezaura wangu kabisa.

"Mama Renatha," alisema. "Geuka."

"Hapana..."

"Geuka. Mzibe mtoto macho."

Sikugeuka kwa wakati. Aliinua rungu kwa mikono miwili akajipiga kichwani. Akatikisika, akashika tena vizuri, akajipiga. Damu iliruka mpaka kwenye chupa ya koroboi. Nilimwomba aache. Nilimwita kwa jina alilopewa na mama yake. Alijipiga mpaka rungu lilipomponyoka, na hata hapo vidole viliendelea kulitafuta sakafuni. Damu ikamtoka masikioni, nyembamba, ikafuata ufa wa sementi.

Kokugonza alikuwa mlangoni. Sijui alifika lini. Aliutazama mwili ule bila furaha, akanitazama mimi na mtoto aliyening'inia shingoni mwangu.

"Sasa nani anafuata?" aliuliza.

Sikumwelewa. Akaondoka akichechemea, akapita uzio kuelekea mtoni, na hakuonekana tena. Wengine waliapa kwamba alipofika kwenye mafunjo alikuwa anatambaa kwa tumbo.

Mkono wangu ulipopona nilikwenda kwa wakubwa, nikawapigia magoti waitengue ile amri. Aliyeitoa alikuwa amehamishwa. Aliyebaki alinihurumia. "Amri ya wanyama, mama? Kambi yenyewe inafungwa. Itakufa yenyewe." Kwa hiyo hakuna aliyeitengua. Buti za marehemu walinirudishia pamoja na vitu vyake. Nilizitupa chooni Chonyonyo, kwenye shimo refu, nikasikia zikizama. Renatha nilimbeba mgongoni mpaka siku aliyosimama na kutembea.

Miaka imepita. Renatha ameolewa na askari, wamejenga hapa hapa Chonyonyo karibu na kahawa zangu. Juzi ameniletea mjukuu, wakae nami wiki nzima. Ni mtoto mnene, anacheka na kila mtu. Akikaa, huegemea mbele na kuweka viganja chini.

Nilijituliza. Amri ile ilikuwa ya kambi, na hii si kambi. Halafu maneno yakanirudia usiku kucha. Ndani ya nyumba za familia. Nyumba ya askari, mkewe na mtoto wake, kama si nyumba ya familia ni nyumba gani? Na Rwezaura alipoanguka, namba mbili alikuwa nani?

Leo asubuhi nimeamka na buti miguuni. Zinanuka choo, tope na samaki. Kamba zimefungwa fundo la vitanzi vitatu.

Nimejifungia stoo ya kahawa. Ufunguo nimeutupa nje kwa dirisha, mbali, kwenye migomba. Nimekaa juu ya gunia nikisali, na nje nasikia Renatha akicheka na mwanawe barazani. Kisha anaita kwa furaha, jinsi Immaculata alivyotuita siku ile.

"Mama! Omwana wange! Njoo umwone, ameanza!"

Nafungua mdomo nimwambie ambebe, amnyanyue, akimbie. Sauti haitoki.

Nimefumbua kiganja. Ufunguo umo.