Sauti ya Aliko Ilipokatika

"Ukinizuia kuimba, nitabaki na nini?" Aliko alifoka, lakini neno la mwisho likapanda juu kama mlio wa kijogoo, kisha likakatika.

"Utabaki na koo zima," mama yake alijibu bila kuacha kugeuza kahawa kwenye kichanja. "Mayai yangu umeyanywa mabichi. Tangawizi umeimaliza. Tangu asubuhi unapiga kelele shambani kama mtu anayefukuza nyani. Imesaidia nini?"

Tangu darasa la nne Aliko alikuwa mwimbaji kiongozi wa kwaya ya watoto ya kanisa pale kijijini Iyula. Watu walimjua kwa sauti ile. Hata yeye alijijua kwa sauti ile. Kesho ilikuwa Sikukuu ya Mavuno, naye alipaswa kuongoza wimbo mbele ya kanisa zima. Juzi mazoezini sauti ilimpasuka, na rafiki yake Shadrack akasema, "Mpeni pumba, jogoo ameamka!" Wote walicheka.

"Itarudi lini, mama?"

"Ile ya zamani? Hairudi. Unabalehe, mwanangu. Itakuja nyingine, nzito. Lini, sijui. Hata daktari hajui."

Aliko aliketi chini akalia. Mama alimwacha alie, kwa kuwa hakuwa na dawa ya kumpa. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge.

"Mwalimu Gwantwa wa kwaya alikuagiza uandike mistari ya nyimbo kila jioni wakati koo linapumzika. Unaandika?"

"Kila jioni. Lakini ni upuuzi tu. Siyo kuimba."

"Nisomee ya jana."

Aliko alisoma kwa kunong'ona: "Nimefungua mdomo wangu, ametoka mtu nisiyemjua. Nimemwita kwa jina langu, hakuitika."

"Hayo umeyatoa wapi?"

"Sijui. Mwanzoni nilikuwa naandika 'sina sauti, sina sauti' tu. Jioni moja yakaanza kuja mengine."

"Basi sikiliza. Sauti ile ulizaliwa nayo, hukuitolea jasho. Haya umeyapata kwa kukaa chini kila jioni, hata ulipokuwa hutaki. Kitu ulichokipata kwa kazi ya kila siku hakikukimbii kwa sababu mwili umekua. Muziki umekuhamisha kiti tu."

"Na kesho?"

"Nani aongoze, amua wewe. Ila amua sasa, mazoezi yanaanza."

Aliko alijifuta uso, akachukua daftari, akaenda kanisani. Alimkuta Shadrack mlangoni.

"Kesho ongoza wewe," alimwambia.

"Mimi? Acha utani bwana. Na wewe je?"

"Ubeti wa mwisho wa wimbo wetu umelegea. Nitauandika upya."

Safari hii Shadrack hakucheka. Mwalimu Gwantwa aliinua mkono, wimbo ukaanza. Kumsikia mwingine akiimba mahali pake kulimuuma Aliko hadi akainamisha kichwa. Aliketi benchi la nyuma, akafungua ukurasa mpya, akaanza kuandika.